Hadi diski inayokufa: nakili kwanza, tengeneza baadaye

Hadi diski nyingi, yaani hard disk za kompyuta, hutoa dalili kabla ya kufa. Folda inachukua dakika nzima kufunguka. Picha ya harusi inaonekana nusu ya juu, chini yake kijivu kitupu. Windows inawaka kwa dakika ishirini, au kompyuta inaganda huku taa ya diski ikibaki imewaka bila kupepesa. Ukiyaona haya, chukulia kwamba diski imebakiza saa za kuhesabika za kusomeka. Kila dakika unayoitumia kuipiga skani, kuweka Windows upya au kuwasha na kuzima unaitoa kwenye saa hizo. Watu wa studio na steshenari pale mjini kati Mwanza hupoteza kazi za miaka kwa sababu hii zaidi ya ubovu wenyewe: diski ilikuwa bado inasomeka, ikatumiwa kwa matengenezo badala ya kunakiliwa.

Makatazo mawili kabla ya yote. Usiendeshe chkdsk /f /r kwenye diski unayoishuku. Amri hiyo imetengenezwa kunyoosha mpangilio wa mafaili kwenye diski nzima kiafya. Kwenye diski mbovu itasoma kila sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia) kwa nguvu, itaandika juu ya diski, na inaweza kukata majina ya mafaili ambayo yangeokolewa. Windows ikitaka kuianzisha yenyewe wakati wa kuwaka, una sekunde chache za kubonyeza kitufe chochote kuisitisha, bonyeza. Katazo la pili: ukichomeka diski ukaulizwa kama uifomati, kataa. Swali hilo maana yake ni kwamba Windows imeshindwa kusoma mpangilio, na mafaili yako huenda yapo palepale.

Sikiliza kabla ya kugusa programu

Weka kidole juu ya diski, iwashe, sikiliza kwa sekunde kumi. Diski nzima huanza kuzunguka kwa mtetemo mwepesi, kisha sauti ndogo ya vichwa vikitembea.

Ukisikia tak… tak… tak… kwa mpigo ule ule, vichwa vya kusomea vinatafuta alama zao kwenye sahani zinazozunguka ndani na havizioni, vinarudi nyuma, vinajaribu tena. Ukisikia mkwaruzo kama wa chuma juu ya chuma, kichwa kinagusa sahani. Hali zote mbili zima papo hapo, na usiwashe tena. Kichwa huelea juu ya sahani kwa nanomita chache tu, na alama ya kidole ni nene kuliko nafasi hiyo mara nyingi. Ndiyo maana diski haifunguliwi mezani kwa bisibisi, hata na fundi mwenye mkono mzuri. Mlio wa kuguguma bila kuzunguka ni ama vichwa vimenata juu ya sahani, ama umeme hautoshi. Hilo la pili unaweza kulipima mwenyewe.

Diski ndogo ya nje hula umeme wa tundu la USB. Tundu la USB 2 hutoa miliampia 500, la USB 3 hutoa 900, na diski nyingi huhitaji nyingi zaidi wakati wa kuanza kuzunguka. Toa hubu, toa waya mrefu, chomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta kwa waya mfupi mwingine. Kwa diski ya ndani ya kompyuta ya mezani, badilisha waya wa SATA na uhamie tundu jingine kwenye mazabodi. Waya mbovu huiga karibu dalili zote za diski mbovu, na ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha hii.

Kusoma afya yake

Diski ikiwa kimya na inatambulika, fungua programu ya CrystalDiskInfo kwenye Windows, au andika smartctl -a /dev/sda kwenye Linux. Usihangaike na mistari yote. Angalia minne.

05 ni sekta zilizokwisha kufa na kuhamishiwa kwenye akiba ya diski. C5 ni sekta zilizoshindikana kusomeka na zinazosubiri kuhukumiwa. Kwetu huu ndio mstari unaotisha kuliko yote, kwa sababu kila sekta hapo huenda ni kipande cha faili lako ambalo leo halisomeki. C6 ni sekta zilizothibitika hazisomeki. C7 ni makosa ya njiani kati ya diski na mazabodi, yaani waya. C7 ikipanda huku nyingine tatu ni sifuri, badilisha waya na uangalie kama imeacha kupanda. Haitashuka, hata ukishatengeneza.

Watu wengi hapa hukosea kusoma. CrystalDiskInfo huonyesha thamani ghafi kwa namba za msingi wa 16. Ukikuta 0000000000A8 kwenye mstari wa C5, hizo ni sekta 168, si nane. Na rangi ya manjano isikutulize ukidhani ni onyo la baadaye. Ikishakuwa ya manjano kwa sababu ya 05 au C5, anza kunakili siku hiyo hiyo. Rangi ya bluu nayo haitoi hakikisho, maana diski inayogonga inaweza kuonyesha bluu.

Diski za SSD, zile zisizo na sahani zinazozunguka, hazina mlio. Huwa zinakufa ghafla, au zinakataa kuandikwa lakini zinasomeka bado. Ukiwahi hatua hiyo una bahati, nakili. Ila faili ulilolifuta kwenye SSD kwa kawaida halirudi, kwa kuwa amri ya TRIM husafisha nafasi yake muda mfupi baada ya kufuta.

Kunakili

Kama makosa ni machache na folda zinafunguka, anza na vile visivyopatikana kwingine: picha, video za wateja, vitabu vya hesabu, mitihani, tasnifu. Nakili folda moja moja. Ukikuta faili linaloganda, liruke, usiling'ang'anie. Muziki, filamu na programu ziache mwisho au ziache kabisa.

Kama kunakili kwa kawaida kunaganda ganda, tengeneza picha ya diski nzima (nakala yake yote ndani ya faili moja) kwa programu ya ddrescue. Unahitaji flashi ya GB 4 yenye SystemRescue (Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi), na diski ya kupokelea iliyo kubwa kuliko ile mbovu. Mbovu ikiwa ya GB 500, tafuta ya TB 1. Iwe imefomatiwa NTFS. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na exFAT ni dhaifu umeme ukikatika katikati ya kuandika. Mbovu ya laptopu itoe na uiunganishe kwa adapta ya SATA kwenda USB. Ile kubwa ya kompyuta ya mezani inahitaji adapta yenye umeme wake wa volti 12.

Washa kwa flashi, kisha:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL

Linganisha namba ya mfululizo (SERIAL) na ile iliyobandikwa juu ya diski yenyewe. Tuseme mbovu ni sdb na ya kupokelea ni sdc:

mkdir /mnt/akiba
ntfs-3g /dev/sdc1 /mnt/akiba
ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Soma mstari wa mwisho mara mbili kabla ya kubonyeza. Kinachotangulia ndicho kinachosomwa. Ukigeuza mpangilio ukailazimisha programu kwa -f, itaandika juu ya mafaili unayoyaokoa, na hapo hakuna fundi wa kuyarudisha. Mzunguko huu wa kwanza huchukua sehemu nzima kwa haraka na kuruka zinazosumbua. Ukimalizika, rudia kwa zilizobaki:

ddrescue -d -r3 /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Diski nzima ya GB 500 kwa USB 3 humalizika kwa saa mbili hivi, kwa USB 2 zaidi ya nne. Mbovu yaweza kuchukua siku kadhaa, ndipo suala la umeme wetu linapoingia. Lile faili la diski.map ni daftari la kazi: limeandikwa ni wapi pameshasomwa na wapi pamegoma. Umeme ukikatika usiku, asubuhi unarudia amri zile zile, kuanzia mkdir, na kazi inaendelea ilipoishia. Bila daftari hilo inaanza upya, na diski inayokufa huenda isivumilie mara ya pili. Andika amri kwenye karatasi kwa sababu flashi haikumbuki ulichoandika, na endesha lsblk tena kila unapowasha. Herufi za sdb na sdc zinaweza kubadilishana.

Ukiwa na laptopu yenye betri nzima, tumia diski ndogo ya kupokelea, ile inayokula umeme wa USB, na mbovu ikiwa ndogo pia. Betri itazibeba zote tatu. Elekeza feni kwenye diski mbovu, uilaze juu ya meza isiyotikisika. Joto likipita nyuzi 50, au kasi ikaanguka ghafla hadi sifuri na makosa yakipanda mfululizo, bonyeza Ctrl+C, zima, iache ipoe nusu saa, uendelee.

Picha ikikamilika, weka mbovu pembeni. Kazi yote iliyobaki ifanyike kwenye picha. 7-Zip kwenye Windows hufungua diski.img yenye NTFS kama folda, ukachomoa unachotaka. Mpangilio ukiwa umevurugika, tumia TestDisk. Ikishindikana, PhotoRec hukusanya mafaili kwa aina zake, ingawa majina na folda hupotea. Kama diski ilifungwa kwa BitLocker, picha nayo imefungwa. Tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48, mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft.

Mambo ya mtaani yasiyosaidia

Kuweka diski kwenye friji. Hewa ya ziwa ina unyevunyevu. Ukiitoa tu, matone ya maji yanajikusanya ndani na nje, ukiiwasha umeiua. Kubadilisha bodi ya kijani kwa ya diski nyingine ya aina ile ile: diski za sasa zina chipu ya ROM yenye vipimo vya diski hiyo moja, isipohamishwa vichwa havitajua pa kusoma. Kuigonga gonga, hapana.

Iliyoangukia maji kwenye boti au kivuko, usiianike juani wala kuijaribu. Ifunge ikiwa na unyevu wake ndani ya mfuko usiopitisha hewa uipeleke kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, kwa sababu maji yakikauka huacha masalia juu ya sahani. Ukiisafirisha kwa basi, izungushie sponji ya sentimita tano kila upande.

Kwa fundi, usiulize tu kama inatengenezeka. Muulize, "Fundi, utaisomaje bila kuiandika?" Akijibu kwamba ataifomati kwanza, shukuru uondoke nayo.

Kabla ya tatizo lijalo

Umeme unaporudi kwa kishindo huumiza diski za kompyuta za mezani. UPS ya VA 650 inakupa dakika chache za kuzima vizuri, nazo zinatosha. Ukanda wa ziwa una radi nyingi, kwa hiyo mawingu yakikusanyika chomoa plagi ukutani na waya wa mtandao pia, maana radi hupita huko.

Weka nakala tatu: ya kompyuta, ya diski ya nje, na moja iliyo nje ya nyumba hiyo, kwa ndugu yako wa Sengerema au Nansio, au kwenye Google Drive yenye GB 15 za bure. Diski ya nje isikae imechomekwa. Radi na mwizi huchukua vyote viwili pamoja. Kila mwezi fungua mafaili matano kutoka kwenye nakala, tena makubwa, uone kama yanafunguka mpaka mwisho.

Ile mbovu usiitupe ilivyo, ina vitambulisho na taarifa za watu. Itoboe kwa drili kupitia sahani. Vaa miwani, kwa sababu sahani za diski za laptopu mara nyingi ni kioo na hupasuka vipande.