Kabla hujampeleka mgonjwa wa kifua kliniki

Mimi si daktari. Nina mama ambaye mapafu yake yamechakaa kwa moshi, na nina mtoto wa kiume mwenye pumu. Mwaka wa nane huu nakalia benchi la kituo cha afya huku Njombe kwenye baridi, nikiwa na mmoja wao, na mwaka ukiwa mbaya nikiwa na wote wawili. Nilichojifunza ni kwamba tabibu ana dakika chache na foleni ndefu, na ile mashine ya kupima pumzi, spirometa, mara nyingi iko hospitali kubwa. Kwa hiyo unachoingia nacho mlangoni ni nusu ya kipimo. Ukiingia mikono mitupu utatoka na dawa ya kikohozi.

Beba daftari la kliniki. Lote, na lile la zamani lililojaa. Beba kadi ya bima kama unayo. Fika mapema.

Andika dalili kabla hujafika, kwa saa na siku. "Anabanwa kifua" haitoshi. Anabanwa saa ngapi? Baada ya nini? Kifua cha mwanangu kinapiga filimbi usiku wa manane na alfajiri, akicheza mpira kwenye vumbi, au akishikwa na mafua. Wiki mbili zinapita yuko mzima kabisa, halafu inarudi. Hiyo kuja na kuondoka ndiyo sura ya pumu. Ya mama haiji wala haiondoki. Kila mwaka anaanza kuhema mapema kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Zamani ilikuwa mlimani, sasa ni kutoka kitandani hadi mlangoni, na makohozi kila asubuhi. Huo ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, na huwakuta zaidi watu waliovuka miaka 40. Wote wawili wanakohoa, wote wawili wanabanwa, ila ukisimulia vibaya wataandikiwa dawa ileile.

Kikohozi kikifika wiki mbili, toeni makohozi yapimwe kifua kikuu. Msibishane. Ila majibu yakisema hakuna TB na mtu bado anahema, usikubali kuambiwa "basi, hana kitu". Na kama aliwahi kuugua TB akamaliza dawa, lisemeni hilo pia. TB ikipona inaweza kuacha makovu yanayobana njia za hewa, na mtu akazunguka miaka akipimwa makohozi yaleyale.

Sema kuhusu jiko. Nasisitiza kwa sababu swali linaloulizwa ni "unavuta sigara?", bibi anajibu "sivuti", na habari inaishia hapo. Mama yangu hajawahi kushika sigara. Amekuwa mama lishe stendi kwa zaidi ya miaka 30, anapuliza kuni mbichi chini ya sufuria ya wali kuanzia saa kumi alfajiri. Hajaulizwa hata siku moja anapikia nini. Sema mwenyewe: kuni, mkaa, pumba, chumba kina dirisha au hakina. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Vizuri sana, lakini mapafu ya mama hayakusubiri mkakati. Tulihamisha jiko nje, tukaezeka mabati matatu juu yake.

Orodhesha dawa zote anazotumia, hata zisizo za kifua. Propranolol ya moyo inaweza kumbana mwenye pumu. Matone ya timolol ya presha ya macho nayo ni hivyohivyo, ingawa yanaingia jichoni. Wapo ambao aspirini au diklofenaki huwabana vibaya. Duka la dawa halitakuuliza.

Ukiweza kupata pikiflomita, kile kibomba cha plastiki cha kupulizia, pima asubuhi na jioni kwa wiki mbili kabla ya kurudi kliniki. Puliza mara tatu, andika namba kubwa. Namba zinazopanda na kushuka sana humsaidia tabibu kuiona pumu hata siku ambayo mtoto amefika akiwa mzima anacheka. Mkipangiwa spirometa, ulizeni mapema kuhusu kuacha dawa ya kupuliza saa chache kabla. Kwa ile inayofungua kifua haraka huwa ni muda wa saa nne hadi sita kabla ya kipimo, kama mgonjwa anavumilia. Asile akavimbiwa, asivae nguo ya kubana. Atapuliza kwanza, atapewa mipulizo minne ya salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, atangoja dakika 15, apulize tena. Njia zikifunguka sana, hewa ya sekunde ya kwanza ikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 12 na mililita 200, hapo wanafikiria pumu. Kwa mama walitazama uwiano wa hewa ya sekunde ya kwanza na hewa yote aliyotoa. Ulibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa, na ndipo tukapata jina la ugonjwa wake.

Sasa hili. Beba inhela yenyewe, kile kikopo cha dawa ya kupuliza, mkononi. Jina lake kwenye karatasi halitoshi.

Mama alipewa inhela ya bluu, ile ya salbutamol, mwezi wa nne, akaambiwa mipulizo miwili mara nne kwa siku. Mama ni mtu wa amri. Alifuata. Mwezi wa tano mwishoni akaanza kulalamika kwamba haimsaidii. Tukaenda. Tabibu akauliza, "Dawa ipo?" Tukajibu ipo. Akaongeza vidonge vya aminofilini. Mwezi wa sita tukarudi, hali ileile. Dawa ipo? Ipo. Akaongeza prednisoloni. Mara ya tatu vidonge vikaongezwa tena, mikono ya mama ikawa inatetemeka, hapati usingizi, na kifua bado. Inhela muda wote huo ilikuwa nyumbani chini ya mto, kwa sababu mama aliogopa ataidondosha njiani.

Usiku mmoja wa Julai, baridi ya kukata mifupa, mwanangu akaja kuniamsha: "Mama, bibi hawezi kuongea." Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anapuliza ile inhela. Psss. Psss. Nikahesabu mpaka kumi na mbili nikaacha. Bodaboda haikuwezekana, asingeweza kukaa. Jirani akawasha Noah yake.

Mapokezi, nesi mmoja, mama wa makamo, aliichukua ile inhela mkononi mwangu akaitikisa karibu na sikio. "Mlianza lini hii?" Mwezi wa nne. Akahesabu kwa vidole: mipulizo minane kwa siku, kopo lina mipulizo 200, siku 25. "Dada, hii iliisha mwezi wa tano. Hii ni hewa tu."

Gesi inayosukuma dawa inaweza kubaki baada ya dawa kwisha. Inaweza kuendelea kulia. Inaweza kuendelea kutoa ukungu. Wiki kwa wiki mama yangu alikuwa anapuliza kopo lisilo na dawa, na mimi nimekaa pembeni najibu ipo, ipo. Alilala kwenye oksijeni siku nne.

Siku ya tatu nesi yuleyule akampa inhela mpya akamwambia, "Bibi, nioneshe unavyofanya." Mama akafungua mdomo wazi kabisa, akapuliza, huku akivuta hewa kwa pua. Kumbe hata zile siku 25 za kwanza dawa nyingi ilikwenda kwenye dari.

Kwa hiyo: siku unapoifungua inhela, andika tarehe ubavuni kwa kalamu ya maka. Piga hesabu ya siku itakayoisha, andika nayo. Nyingine zina kijidirisha cha namba, kisome. Ile njia ya kulitupa kopo kwenye ndoo ya maji uone kama linaelea haiaminiki, iache. Na kila unapoingia kliniki, hata usipoulizwa, sema: "Naomba atumie mbele yako uone." Tikisa, toa pumzi yote, funga midomo kuizunguka, bonyeza ukivuta polepole, shikilia pumzi ukihesabu mpaka kumi. Mtoto au mzee asiyeweza kupatanisha hayo apulizie kupitia spesa, chupa inayokaa kati ya inhela na mdomo. Hakuna spesa ya dukani? Chupa ya plastiki ya nusu lita, kavu na safi, itobolewe kitako tundu linaloishika inhela bila mwanya, mdomo wa chupa uwe mdomoni kwa mtoto. Watafiti wa Cape Town waliipima chupa hiyo kwa watoto wenye pumu mwaka 1999, ikafanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Mwanangu anayo yake, ameichora simba.

Usitoke bila kuuliza dawa ya kuzuia iko wapi. Ya bluu inafungua tu, haitulizi uvimbe ulio ndani. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi tena mtu mzima wala kijana kutibiwa kwa ya bluu peke yake. Kituo kikisema hakina, omba jina liandikwe. Ya kuzuia ikiwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, sukutua mdomo kila baada ya kutumia, la sivyo utando mweupe utaota ulimini. Wala usiiache kwa sababu mtoto ameacha kukohoa. Niliiacha mara mbili.

Uliza pia, ukiwa bado umetulia, usiku akizidiwa apulize mara ngapi na muondoke saa ngapi. Iandikwe daftarini. Asiyeweza kumaliza sentensi, mwenye midomo ya bluu, mtoto anayevuta mbavu ndani au ambaye kifua kimenyamaza ghafla baada ya kupiga filimbi, hao hawangoji kuche.

Na mengine madogo. Mtoto aliyeanza filimbi ghafla akiwa anakula karanga huenda ana punje kwenye njia ya hewa, hiyo si pumu. Mzee anayehema huku miguu imevimba, moyo upimwe. Usimwazimishe jirani inhela ya mama, wala usiazime ya jirani. Mkaa usiingizwe ndani kwa ajili ya joto hata Julai. Ubani, dawa ya mbu ya kuchoma, rangi mpya ukutani, paka kitandani, angalia kipi kinambana wako. Mwalimu wa darasa ajue inhela iko mfuko gani wa begi. Na begi lenyewe lisiachwe juani.