Kupima kilo za mota na betri kabla ya kuzifunga kwenye gari la spoti la kujiundia

Ukitaka kuligeuza gari lako la petroli liwe la umeme, tafuta mizani kabla ya kutafuta mota. Tabora haikosi mizani ya jukwaa ya kilo 300, ile inayopimia mahindi na marobota ya tumbaku. Chukua yenye stika ya Wakala wa Vipimo, kisha ijaribu mwenyewe: dumu lenye maji lita 20 kamili, ukitoa uzito wa dumu tupu, lisome kilo 20. Lisogeze kila pembe ya jukwaa. Namba ikicheza zaidi ya nusu kilo, iache.

Pima kwanza vinavyotoka: injini na oili yake, gia boksi, rejeta, ekzosi, tenki (petroli lita 40 ni karibu kilo 30) na mabano yote. Kila kimoja kiandikie kilo zake na umbali wake kutoka ekseli ya mbele. Jumla hiyo ndiyo mpaka wako, kwa sababu springi, breki na chesisi vilipangwa kubeba uzito huo.

Upande wa vinavyoingia, chukua mfano wa betri ya gari la umeme la Nissan Leaf la kwanza, ya kilowati-saa 24. Betri nzima ina karibu kilo 290. Moduli zake 48 (vipande vya betri vinavyoungwa pamoja), kilo 3.8 kila moja, ni kilo 182 tu. Mafundi wengi hutupa kasha wakidhani wameokoa kilo mia moja. Hawajaokoa. Moduli hizo lazima zibanwe pamoja, la sivyo huvimba na kufa mapema, hivyo utarudisha bamba nene za mwisho na fito zenye nati. Kasha jipya la mita 1.2 kwa 0.8 kwa 0.3 lina mita za mraba 3.1 za bati: chuma cha milimita 2 ni kilo 49, alumini ya milimita 3 ni kilo 25. Bado kontakta (swichi kubwa za umeme wa betri), fyuzi, chaja, pampu na maji yake, na nyaya. Waya wa milimita za mraba 50 una shaba ya gramu 450 kwa kila mita, ganda halijahesabiwa.

Kabla ya kufungua betri, vaa glavu za umeme za volti 1,000, vua plagi ya usalama (inayokata betri katikati), subiri dakika 10, kisha hakikisha kwa mita ya volti. Kuvua plagi hakuui moduli: kila nusu ya betri bado ina volti za kuua.

Uzito ukijulikana, panga mahali. Kilo za kifaa zidisha kwa umbali wake kutoka ekseli ya mbele, gawa kwa umbali kati ya ekseli mbili. Jibu ni mzigo unaokwenda nyuma. Betri yenye kasha ya kilo 222, ikikaa milimita 1,600 nyuma ya ekseli ya mbele kwenye gari la milimita 2,400, inaweka kilo 148 nyuma na 74 mbele.

Gari likisimama, pima kila tairi. Mizani ikiwa moja, matairi mengine matatu yakalie mbao zenye kimo kilekile cha mizani. Tofauti ya sentimita moja tu inatosha kudanganya. Weka viroba vya mchanga vyenye uzito wa dereva kwenye kiti, upepo wa matairi uwe sawa, na litikise gari ili springi zitulie kabla ya kusoma.

Kishawishi kinachofuata ni masafa, yaani umbali wa kwenda kwa chaji moja. Ukihesabu kilowati-saa 15 kwa kilomita 100, na kutumia asilimia 85 ya betri hiyo ya kilowati-saa 24, ikiwa mpya itakupa kilomita 136. Iliyochoka mpaka asilimia 70 itakupa 95, na Tabora hadi Nzega ni kama 115. Usifikirie kuongeza moduli mbili tatu: zikiungwa mfululizo, volti zinaweza kupanda kupita uwezo wa inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuendesha mota), zikiungwa sambamba, lazima uweke safu nzima ya 48, yaani kilo 182 nyingine. Heri ununue betri ya Leaf ya kilowati-saa 40, ambayo nzima ni karibu kilo 300.