Namna ya Kusoma Herufi za Land Cruiser Kabla Hujatoa Hela ya Spea

Mwaka 2011 dereva mmoja alinipigia simu akiwa Loliondo. Klachi imekufa, wageni wako kambini, gari halisogei. "Shikamoo mama, nitumie klachi nzima ya sabini na nane, na rilizi bering yake." Nikafunga mzigo wa HZJ78, nikaupakia kwenye basi la alfajiri. Jioni simu ikalia tena: haziingii. Gari lake lilikuwa sabini na nane kweli, ila ni KZJ78, Prado ya zamani yenye silinda 4. Mimi nilikuwa nimemtumia spea za hadtop, ile ndefu yenye bodi iliyofunikwa hadi nyuma, ya silinda 6. Siku mbili zikapotea, nauli ya mzigo ikalipwa kwenda na kurudi, wageni wakahamishiwa gari la kukodi. Tangu siku ile sipokei oda ya namba tupu. Nataka na herufi zake.

Niko kaunta ya spea hapa Arusha tangu 2004, na vijana wengi wanaonijia wanajua kufungua gari zima na kulirudisha, lakini hawajawahi kufundishwa kusoma jina lake. Ni somo la nusu saa. Nitalieleza kama ninavyomweleza kijana aliyesimama mbele yangu na mikono yenye grisi.

Kwanza ujue pa kusoma. Kadi ya gari mara nyingi haisaidii, inaandika "Land Cruiser" na mwaka, basi. Fungua boneti, tazama ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Pana kibati kidogo kimebanwa pale. Kimejaa vumbi na mafuta, kifute kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, usikikwangue kwa bisibisi, utafuta maandishi. Kama kibati kimeng'oka, angalia namba iliyogongwa kwenye chasisi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na tairi. Gari lililouzwa ndani ya Japani kisha likaja kwetu likiwa limetumika hubeba jina lake ndani ya namba ya chasisi: HDJ81, kistari, tarakimu. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje mara nyingi huwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayoanza na JT, na hapo jina unalolitaka halimo. Lazima urudi kwenye kibati.

Sasa tafuta J. Kila kitu kinaanzia pale.

Gari la kwanza, mwaka 1951, halikuitwa Land Cruiser. Liliitwa Toyota BJ. B ilikuwa injini yake, petroli ya silinda 6, lita 3.4, na J ilisimama kwa jeep, maana ndilo gari walilokuwa wakishindana nalo. Mwaka huohuo lilipanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita. Neno jeep lilikuwa na wenyewe Marekani, kwa hiyo mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Jina likabadilika, J haikubadilika. Imebaki kwenye magari haya zaidi ya miaka sabini, na kwako wewe fundi J ni mpaka: kushoto kwake ni injini, kulia kwake ni umbo la gari.

Upande wa injini una kanuni moja nyepesi. Chukua jina la injini, ondoa tarakimu ya mbele, ondoa na kila kinachokuja baada ya kistari. 1HZ inabaki HZ, ukiongeza J unapata HZJ. 1HD-T inabaki HD, unapata HDJ. 1KZ-TE inatoa KZJ, 1FZ-FE inatoa FZJ, 2UZ-FE inatoa UZJ, 1VD-FTV inatoa VDJ, 1GD-FTV inatoa GDJ. Ukishaizoea, unasikia injini ndani ya jina. HZ ni ile dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina turbo, inayokokota nusu ya utalii wa kaskazini. HD ni ndugu yake mwenye turbo. FZ ni petroli lita 4.5. UZ ni petroli V8 lita 4.7. VD ni dizeli V8 lita 4.5. GR ni petroli V6 lita 4.0. KZ ni dizeli ya silinda 4, lita 3.0. PZ ni silinda 5, na ukiiona PZJ usikubali mtu akufungie spea za HZ kwa maelezo kwamba zinafanana, kwa sababu silinda moja imepungua na kila kirefu ndani ya injini kimekuwa kifupi.

Herufi moja peke yake ndiyo inayodanganya. B ya mwaka 1951 ni petroli, lakini BJ40 iliyotoka mwaka 1974 ina B nyingine kabisa, dizeli ya silinda 4, lita 3.0. H moja ni dizeli kongwe ya silinda 6. Kwa hiyo HJ75 na HZJ75 si gari moja lililoandikwa kwa haraka. HJ75 ina 2H, HZJ75 ina 1HZ iliyoanza mwaka 1990. Gasket ya silinda hedi ya moja haikai kwenye nyingine. Nimeona mtu akisafiri kutoka Babati kwa sababu ya Z iliyosahauliwa.

Kulia kwa J ni tarakimu. Za mbele zinakwambia ukoo. 20 ilianza 1955, 40 ikaanza 1960, FJ55 ikaja 1967 kama gari la familia, 60 mwaka 1980, 70 mwaka 1984, 80 mwishoni mwa miaka hiyo. Kisha 100, 200, na 300 ya mwaka 2021. Prado wana njia yao: 90, 120, 150, na sasa 250. Tarakimu ya mwisho ndiyo yenye kazi, kwa sababu inabeba urefu wa gari, na mara nyingine tofauti ya injini. FJ40 ni fupi, FJ43 ya kati, FJ45 ndefu.

Kwenye ukoo wa 70 nitakaa kidogo, maana ndiyo mkate wetu. Kabla ya 1999, ndefu zote za kazi zilikuwa 75, hadtop na pikapu pamoja. Mwaka 1999 zikagawanywa: hadtop ikawa 78, pikapu ikawa 79, na ile ya milango minne, iliyokuwa 77, ikawa 76. Si jina tu lililobadilika. 75 ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, na tairi lake linafungwa kwa nati 6. 78 na 79 zina springi za mviringo mbele, na nati 5. Ukifika porini ukakuta gari halina kibati na chasisi imeliwa na kutu, hesabu nati. Ni kipimo cha haraka ambacho hakijawahi kuniangusha kati ya 75 na 78, ila kwanza mwulize mwenye gari kama hajabadilisha hab, kile kitovu tairi linapofungwa.

Ile 78 ya Loliondo sasa unaielewa. Kabla ya 1999, tarakimu 78 ilikuwa imeshatumika kwenye 70 ndogo za familia, LJ78 na KZJ78, zile zilizokuja kuwa Prado. Hazina undugu wa spea na HZJ78 zaidi ya tarakimu. Ndiyo maana mtu akisema "sabini na nane" mimi namjibu, "Herufi, baba."

Magari ya safari yana mtego wake. Hapa Arusha chasisi hukatwa na kurefushwa, bodi ikajengwa upya kwa viti saba na paa la kuinuka. Kwa macho yote ni mkonga mrefu, yaani hadtop ndefu. Lakini mengine yalizaliwa 78 na mengine yalizaliwa pikapu 79. Kiwandani, kutoka katikati ya tairi la mbele hadi katikati ya tairi la nyuma, 78 ina milimita 2,980 na 79 ina 3,180. Baada ya kurefushwa vipimo hivyo havipo tena, kwa hiyo propela shafti na paipu za breki usiziagize kwa kusoma kibati. Kibati kikupe injini, giaboksi na difu. Propela pima kwa futi kamba, gari likiwa limesimama chini na si juu ya jeki.

Kosa lingine linalonipa kazi ni lile la mashangingi, Land Cruiser za kifahari. Mteja anasema "VX". VX si modeli, ni daraja la urembo, na limo kwenye 80, kwenye 100, kwenye 200. Mwingine anasema "V8", akidhani amemaliza. UZJ100 ni V8 ya petroli, VDJ200 ni V8 ya dizeli, VDJ79 ni V8 pia na ni pikapu. Filta tu zinakushinda, sembuse pampu.

Na hapo ndipo ilipo HZJ105, gari ninalolipenda kuliko yote kwa sababu limewasumbua watu bila kosa lake. Ukiliona barabarani utaapa ni 100. Taa ni zilezile, milango ileile. Lala chini ulitazame: mbele pana ekseli ya chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, kama ya 80. UZJ100 na HDJ100 hazina ekseli hiyo, kila tairi la mbele linajitegemea. Ukimwagizia mwenye 105 boljointi za 100 utakuwa umemnunulia chuma cha kuwekea mlango usijifunge. Ile 5 ya mwisho ndiyo inayobeba ekseli nzima ya mbele.

Baada ya tarakimu zinafuata herufi nyingine, na hizo soma chache tu. L inayogusa tarakimu ni usukani wa kushoto, R ni wa kulia. Kwetu, ukiona HZJ79L na usukani uko kulia, ujue ulihamishwa, na kule chini ya dashibodi kuna viungo vya kuunga ambavyo hakuna katalogi inayovijua. M baada ya kistari kwa kawaida ni giaboksi ya mkono ya gia 5. Kwenye kibati pia kuna msimbo wa difu. Uandike daima, kwa sababu ukibadilisha difu ya nyuma kwa yenye uwiano tofauti na ya mbele, siku dereva atakapoingiza gia ya tope, mbele na nyuma vitavutana mpaka kimoja kivunjike.

HDJ81 nayo ina jambo lake. Hiyo ni 80 ya Kijapani, dada wa HDJ80 ya kuuzwa nje. Gari zima linatumia volti 12, lakini stata inapigwa kwa volti 24. Stata ya HDJ80 inafungika pale bila shida, na inaungua.

Kibati kinakwambia gari lilivyozaliwa, hakikwambii limepitia nini. FZJ80 nyingi za petroli zimewekewa 1HZ kwa sababu ya bei ya mafuta. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote cha injini, safisha ubavu wa bloku usome namba ya injini. Inaanza na jina lake lenyewe, 1HZ kisha kistari. Zikipingana, bloku ndiyo ya kuaminiwa kwa spea za injini, kibati kwa zilizobaki.

Hizi mpya za 300 zimegeuza mpangilio. Petroli yenye turbo ni VJA300, dizeli ni FJA300. J imesogea katikati kwa sababu injini zenyewe zimepewa majina ya namna mpya, V35A na F33A, lita 3.5 na 3.3. V inakaa mbele ya J, A inakaa nyuma yake. Wazee waliozoea FJ40, FJ45, FJ60, FJ80, zote za petroli, wasikie vizuri: FJA300 ni dizeli. Na FJ Cruiser, licha ya jina lililobandikwa nyuma yake, kwenye kibati ni GSJ15.

Ukitaka kuniagiza kitu ukiwa mbali, piga picha tatu. Kibati kizima, mwanga ukitokea ubavuni ili maandishi yainuke. Namba ya bloku. Na spea iliyoharibika, imelazwa kando ya futi. Kisha niandikie neno moja la ziada: gari limerefushwa au halikurefushwa. Yule wa Loliondo bado ni mteja wangu, na siku hizi picha zake zinafika kabla hajapiga simu.