Kabla hujaingia maabara ya jiolojia Dodoma

Wengi wanaokuja kuanza jiolojia hapa Dodoma hujiandaa kwa ajili ya mihadhara tu. Wanatafuta noti za waliowatangulia, wanakariri majina ya madini, wanapanga enzi za dunia kichwani. Kisha wanakaa kwenye meza ya maabara, wanapewa trei ya mawe yasiyo na lebo, na hakuna hata moja linalofanana na picha ya kitabuni. Maabara inataka kwanza jicho, mkono, na subira ya kuandika unachokiona kabla ya kutaja jina. Mambo hayo hayashikiki usiku wa kuamkia mtihani. Wiki chache za likizo, hata hivyo, zinatosha kuyaanza, na aliye Dodoma hakosi pa kuanzia.

Anza na granaiti. Vilima vya mawe vinavyouzunguka mji vimesimama juu ya kratoni ya Tanzania, gome la kale la bara hili, ambalo miamba yake ina umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Huna haja ya kupanda kilima. Mji unajengwa kila mtaa, na penye ujenzi pana rundo la kokoto. Omba kipande kimoja kilichopasuka karibuni, maana uso wa jiwe uliokaa juani na mvuani umeshachakaa na rangi yake inadanganya. Kilowanishe, kigeuzegeuze juani. Punje nyeupe au za waridi zenye nyuso bapa zinazometa kwa pamoja ukizungusha jiwe ni feldispa. Zile za kijivu zinazofanana na vipande vya chupa, zisizo na uso bapa hata mmoja, ni kwazi. Vidoa vyeusi vinavyobanduka ukivichokoa kwa ncha ya sindano ni ulanga mweusi. Ukiweza kuzitenganisha punje hizo tatu bila kusita, umeshapata sehemu kubwa ya somo la miamba. Na ukubwa wake una habari: punje zinazoonekana kwa macho zinakwambia kwamba uji wa moto ulipoa taratibu, chini sana ardhini.

Lensi ya mkono inayokuza mara 10 ndiyo kifaa cha kununua kabla ya vingine vyote. Wageni huishika karibu na jiwe na kuinamia kwa mbali. Isogeze hadi karibu kabisa na jicho, kisha lete jiwe taratibu mpaka picha itulie. Fungua macho yote mawili, hutachoka haraka.

Kuhusu ugumu wa madini, kipimo kinachotumika ni kile cha Friedrich Mohs cha mwaka 1812, kuanzia talki, madini laini ya poda, yenye 1, hadi almasi yenye 10. Kukariri orodha ni rahisi. Kazi ni kupima. Kucha ina takriban 2.5, waya wa shaba kama 3, kisu na kioo karibu 5.5, kwazi 7. Sugua ncha ya madini yako kwenye kioo kilicholazwa mezani, usikishike mkononi. Utaona mstari mweupe. Usiandike chochote bado: futa mstari huo kwa kidole kilicholowa. Ukifutika, ulikuwa unga wa madini yenyewe, maana yake kioo ni kigumu kuyashinda. Ukibaki, na kucha ikikwama humo, madini yamekikwaruza kioo. Hapo ndipo majibu mengi hupotea, kwa mtu kuona mstari na kukimbilia hitimisho.

Kwazi na feldispa zote hukwaruza kioo, kwa hiyo ugumu peke yake hauzitenganishi. Angalia zinavyovunjika: feldispa hupasuka kwa nyuso bapa mbili zinazokaribia pembe mraba, kwazi huvunjika ovyo kwa mikunjo kama ya chupa. Kalsiti inaweza kuwa nyeupe vilevile, lakini kisu kinaikata na asidi hafifu ya haidrokloriki inaifanya itoe mapovu papo hapo. Nyumbani usitafute asidi hiyo. Ganda la yai nalo ni kalsiti. Lisage, lidondoshee siki, utaona mapovu madogo yakipanda. Dolomaiti, madini yanayofanana na kalsiti, huwa mvivu, mpaka uikwangue iwe unga ndipo itoe povu, na wakufunzi wanapenda kuiweka kwenye trei kwa sababu hiyohiyo. Rangi ya nje usiiamini sana. Hematiti, madini ya chuma, inaweza kuwa nyeusi inayong'aa, ukiisugua kwenye kigae kisichopakwa king'arishi inaacha alama nyekundu ya kahawia. Magnetiti inaacha nyeusi, na inavuta sumaku.

Upande wa ramani, hesabu zinazohitajika ni za sekondari, ila uwe umezifufua. Kwenye ramani ya 1:50,000, sentimeta 2 ni kilomita 1. Kama ardhi inapanda kutoka mita 1,120 hadi 1,180 ndani ya kilomita hiyo moja, mteremko ni asilimia 6, kama nyuzi 3.4. Fanya hesabu za namna hiyo mpaka zikuchoshe. Kumbuka pia kwamba kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zinapokata bonde la mto, hupinda zikielekea juu, mto unakotoka. Uelekeo na mwinamo wa tabaka huwasumbua karibu wote mwanzoni; laza daftari gumu, mfano wa tabaka la mwamba, kwa mshazari ndani ya beseni la maji, mstari ambao maji yanakata daftari ndio uelekeo, na mwinamo unapimwa kwa pembe mraba kutoka hapo. Ukitumia dira, weka simu na nyundo mbali.

Vifaa vingine ni vya kawaida: penseli ngumu na kifutio, penseli za rangi, protrakta, rula, karatasi za grafu. Michoro usiifanye kwa kalamu ya wino. Kama unaona rangi kwa shida, au miwani yako imepitwa na wakati, mwambie mkufunzi wiki ya kwanza.

Ukipata nafasi, omba kutembelea makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Makao yake makuu yapo hapahapa Dodoma, mji ambao utafiti wa jiolojia wa serikali umekuwa nao tangu 1925. Jiwe halisi lenye lebo sahihi linafundisha kuliko picha mia za simu.

Siku za kwenda field, viatu viwe vya kufunika vidole, kofia iwe pana, na maji uyabebe mwenyewe, kwa sababu Oktoba na Novemba jua la huku halina huruma na kivuli ni haba. Vaa miwani ya kinga kabla ya kupiga jiwe na usigonge nyundo kwa nyundo, kipande cha chuma kinaruka. Pigeni hodi kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya kuanza. Mkifika upande wa Kondoa, kwenye michoro ya miambani, nyundo zibaki kwenye gari.

Kila sampuli ipe namba palepale ulipoichukua, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na mahali na tarehe. Mtihani wa vitendo mara nyingi huwa wa kuzunguka meza, dakika chache kwa kila jiwe. Fanyeni mazoezi hayo hosteli, mawe kumi na saa ya simu, mmoja akiwa msimamizi. Ukikutana na jiwe usilolijua, andika ugumu, alama, namna linavyovunjika na ukubwa wa punje, ndipo ujaribu jina.