Kutafuta mifupa ya taya ndani ya sikio la mbuzi

Tafuta kichwa cha mbuzi na kichwa cha kuku. Hapa Mwanza cha mbuzi nachukua buchani, kwenye nyama iliyokaguliwa na kupigwa muhuri. Cha kuku napata kwa wachinjaji wa soko la Mlango Mmoja. Omba cha kuku wa kisasa. Huchinjwa akiwa mchanga, kwa hiyo maungio ya mifupa yake bado yanaonekana.

Hatua ya 1. Chemsha kila kichwa kwenye sufuria yake, moto mdogo, sabuni ya unga kidogo. Cha kuku kitoe mapema, mara nyama inapolegea. Usitumie jiki, inakula mfupa. Maji yachuje kwa kitambaa kabla ya kumwaga, maana mifupa tunayoitafuta ni midogo mno.

Hatua ya 2. Anza na kuku. Fungua na ufunge mdomo wake ukitazama bawaba. Taya la chini halishiki fuvu moja kwa moja: katikati kuna kimfupa kinachocheza, mfupa mraba. Kinachokutana nacho ni ncha ya nyuma ya taya. Taya lenyewe limeungwa kwa mifupa kadhaa. Mijusi na mamba nao wako hivyohivyo, ila mfupa mraba wa mamba hauchezi.

Hatua ya 3. Sasa mbuzi. Kila upande wa taya la chini ni mfupa mmoja tu, nao unagusa fuvu bila kimfupa cha kati. Kimekwenda wapi?

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Fuvu likikauka, litikise juu ya karatasi nyeupe, tundu la sikio likitazama chini. Vimfupa vya sikio visipotoka, vunja kwa koleo, taratibu, uvimbe wa mfupa ulio chini ya tundu hilo. Utapata vitatu: nyundo, fuawe na kikuku, ambacho ni kidogo kuliko punje ya mchele. Kuku ana kimoja tu, kijiti kinacholingana na kikuku.

Fuawe ndiyo mfupa mraba. Nyundo ndiyo ile ncha ya nyuma ya taya. Mjerumani Karl Reichert alilionyesha hilo mwaka 1837 kwa kuchunguza viinitete, na visukuku vikaja kumuunga mkono. Ukoo wa kuku na ukoo wa mbuzi uliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, wote wakitokana na wanyama wa nchi kavu waliotaga. Kwenye ukoo wa mbuzi, ambao ndio wetu pia, walikuwepo sainodonti, wanyama wa kale waliotangulia mamalia, ambao visukuku vyao vimepatikana hata bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania: mfupa wa taya wenye meno umekuwa mkubwa, ile ya nyuma imesinyaa. Baadaye Morganucodon, mnyama mdogo wa kale wa Wales, wa miaka milioni 200 hivi iliyopita, alikuwa na bawaba zote mbili kwa pamoja, ya zamani na mpya. Kwangu hakuna kisukuku kinachoeleza vizuri zaidi.

Mwanafunzi akiuliza kama kutaga kunamwondoa mnyama kwenye mamalia, mwambie platipasi wa Australia hutaga, na sikioni ana vyote vitatu.

Hatua ya 5. Gundisha vimfupa kwenye kadi nyeusi, andika majina, hifadhi kwenye kiberiti kitupu chenye pamba.