Namna ya Kulikabili Deni la Masomo Lisilopungua

Mhitimu anayelipa kila mwezi kisha akakuta deni limeongezeka ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, kabla ya kulalamika, aombe taarifa kamili ya mkopo inayotenganisha deni la msingi (yaani fedha zenyewe alizokopa), riba, ada na adhabu, kwa sababu jumla peke yake haimwambii fedha zake zimekwenda wapi.

Akishaipata, aanze na riba. Tuchukue mkopo wa 10,000, kwa fedha yoyote ile, uliotolewa wote mwanzoni kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Ikiwa riba inahesabiwa tangu mwanzo wa masomo, miaka 4 ya chuo itazaa 2,400, na mkataba ukiruhusu riba hiyo iunganishwe na deni la msingi, marejesho yataanzia kwenye 12,400, ambayo riba yake ni 62 kwa mwezi. Anayelipa 50 analikuza deni kwa 12. Anayelipa 62 amelizuia tu lisikue. Anayelipa 100 ndiye anayelipunguza, tena kwa 38 tu mwezi wa kwanza. Hesabu hii fupi ingepaswa kuwekwa mbele ya kila mwanafunzi siku anayotia saini, na ni dhuluma kumwacha aigundue akiwa tayari ameanza kukatwa mshahara.

Ukipata fedha za ziada, agiza kwa maandishi zipelekwe kwenye deni la msingi, kwani bila agizo hilo huenda zikahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao lililotangulizwa. Tunza risiti.

Kazi ikikatika, omba nafuu kabla ya tarehe ya malipo kupita, na uulize kama riba itaendelea kuhesabiwa wakati umesimamishiwa marejesho. Kurefushiwa muda hupunguza rejesho la mwezi lakini huongeza jumla utakayolipa. Mdhamini wako naye ajulishwe mapema.

Aliye bado chuoni, kama ana njia yoyote ya kupata kipato, alipe riba ya kila mwezi: katika mfano wetu ni 50 tu, na ingezuia zile 2,400 zote. Asiyejiunga bado akiulize chuo gharama za miaka yote, pamoja na malazi, vitabu na mitihani, kisha akope pengo linalobaki, hata kama ameruhusiwa kukopa zaidi.