Somo: Kung'oa bromini moja na kuiacha nyingine kwa mwanga wa buluu

Molekuli yetu ni 4-bromofenasili bromidi. Ina bromini mbili: moja jirani na kabonili (kaboni iliyoungana na oksijeni kwa bondi maradufu), nyingine kwenye pete ya benzini. Tunataka ya kwanza tu itoke.

Kichocheo ni cha metali ya ruteni, Ru(bpy)₃Cl₂. Kikimeza mwanga wa nanomita 452 hivi hupokea elektroni kutoka kwa amini, kisha huikabidhi kwa volti −1.33 (ikilinganishwa na elektrodi ya kalomeli; kadiri namba ilivyo hasi zaidi, ndivyo msukumo wa elektroni ulivyo mkubwa). Bromini ya jirani na kabonili hutoka kwenye −0.5 hivi, ya pete hudai volti hasi zaidi ya ile ya kichocheo chetu. Kwa hiyo usikimbilie kichocheo chenye nguvu kuliko vyote. Tafuta kinachotosha.

Hatua ya 1. Pima malighafi miligramu 139 (milimoli 0.5), kichocheo miligramu 3.7, esta ya Hantzsch (mtoaji wa hidrojeni) milimoli 0.55, diisopropiliethilamini (ndiyo amini yetu) milimoli 1 na kiyeyusho DMF mililita 5. Fanyia ndani ya kabati la kutolea hewa. Malighafi hii huwasha macho vibaya.

Hatua ya 2. Toa oksijeni. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gandisha kwa naitrojeni kimiminika, vuta hewa kwa pampu, yeyusha. Rudia mara 3. Kichocheo kilichoamshwa huishi kama mikrosekunde 1 tu, na oksijeni hukipokonya nishati kabla hakijakutana na amini. Jionee: weka kichocheo peke yake kwenye asetonitrili isiyo na hewa, mbele ya taa. Kitang'aa rangi ya chungwa. Fungua kizibo, tikisa, mng'ao unafifia.

Hatua ya 3. Washa LED ya buluu na feni, vaa miwani ya kinga, koroga.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, nimehamia chupa ya nusu lita, mmenyuko umedorora. Niongeze kichocheo?

Jibu: Hapana ndugu, utaongeza giza. Hata kwa kipimo chetu, asilimia 90 ya mwanga wa nanomita 452 humezwa ndani ya milimita 1 ya kwanza. Pitisha mchanganyiko kwenye mrija mwembamba unaopenyeza mwanga, uliozungushwa kwenye taa.

Swali: Nimepata zao bila kichocheo. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea. Esta ya Hantzsch nayo yaweza kumeza mwanga na kutoa elektroni. Kila mara andaa chupa mbili za ulinganisho: moja bila kichocheo, nyingine imefungwa karatasi ya alumini. Ndipo utajua zao limetoka wapi.